Kopo la Tatu: Safari ya Bidhaa Hadi Rafu ya Duka Lako

(Mada iliyotolewa mbele ya walaji na wenye maduka ya rejareja mjini Songea, mkoani Ruvuma)



Mada niliyopewa inahusu mnyororo wa ugavi katika biashara ya rejareja. Jina hilo linaweza kumtisha mtu, akadhani ni jambo la wenye viwanda na meli. Lakini kila aliyemtuma mtoto dukani jioni akanunue robo kilo ya sukari ameushika mnyororo huo kwa mkono wake. Yeye ndiye pingili ya mwisho. Nitaeleza kwa nini pingili hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko inavyojidhania.

Naomba nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, mama wa mtoto wangu alilazwa hospitalini, nami nikabaki nyumbani na kichanga. Niliambiwa ninunue maziwa ya unga ya watoto. Nilikwenda duka la jirani, nikanunua kopo moja, nikaondoka mbio. Sikutazama tarehe wala sikuomba risiti. Usiku ule mtoto alitapika mpaka alfajiri. Nilipoligeuza kopo kwenye mwanga wa taa, niliona mahali palipokuwa na tarehe pamekwanguliwa kwa kitu chenye ncha.

Asubuhi nilirudi dukani nikiwa na hasira. Mama mwenye duka aliposikia alikaa chini, akashika kichwa. Aliniambia kwamba alinunua makopo matatu kwa mtu aliyepita na gari akiuza kwa bei nafuu. Hakupewa ankara, wala hakumjua jina. Kopo la kwanza lilikuwa mkononi mwangu. La pili lilikuwa bado kwenye rafu, nalo limekwanguliwa vilevile. La tatu alikwisha kuliuza, lakini hakumkumbuka aliyelinunua. Labda alikuwa msafiri.

Mtoto wangu alipona, namshukuru Mungu. Lakini kopo la tatu sijalisahau hadi leo. Hatukuweza kulifuata mbele, kwa sababu mimi na wenzangu tulinunua bila risiti. Hatukuweza kulifuata nyuma, kwa sababu mama yule naye alinunua bila ankara. Mnyororo ulikatika pande zote mbili, na mahali palipokatika pakapita hatari.

Bidhaa inavyofika Songea

Mji wetu uko mbali na bandari. Bidhaa nyingi za viwandani zinazouzwa hapa zimesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Lori hupita Chalinze na Morogoro, likapanda Kitonga, likafika Iringa, Mafinga na Makambako. Hapo huiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya, likashika njia ya Njombe, likapita kona za Lukumburu na Madaba, ndipo liingie Songea. Kipande hicho cha Makambako hadi hapa kiliwekwa lami katika miaka ya 1980, na kwa muda mrefu kilikuwa mshipa wetu mmoja tu wa uhakika. Katika miaka ya 2010 lami iliunganishwa pia upande wa mashariki kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi Mtwara, nasi tukapata mlango wa pili.

Katika safari hiyo bidhaa hupita mikono mingi: mzalishaji au mwagizaji, msambazaji, mwenye lori, muuzaji wa jumla, mwenye duka la mtaani, kisha wewe. Kila mkono huongeza gharama yake. Kila mkono pia unaweza kuongeza uharibifu: jua kali kwenye turubai, mvua, katoni zilizobebeshwa uzito kupita kiasi, au chakula kilichopangwa pamoja na viuatilifu. Jambo hili la mwisho linatuhusu sana, kwa kuwa mkoa wetu ni wa wakulima. Msimu wa kupanda unapokaribia, magari yanayoleta unga na mafuta ya kula ndiyo wakati mwingine huleta dawa za mashambani. Mfuko wa unga unaonuka dawa usiupokee, hata ukiambiwa kwamba harufu itaisha ukianikwa.

Umbali unaeleza pia bei. Lori linapokuja limejaa na kurudi tupu, safari mbili hulipwa na mzigo mmoja, na mlipaji wa mwisho ni mlaji. Linapopata mzigo wa kurudi, mathalani mahindi baada ya mavuno, mwenye mzigo ana nafasi ya kupatana nauli nafuu. Mfanyabiashara anayejua majira hayo hupanga manunuzi yake kwayo. Na bei ya mafuta, ambayo EWURA hutangaza ukomo wake kila mwezi mji kwa mji, huingia katika kila kitu kinachopanda lori. Kwa hiyo bei ikiwa juu Songea kuliko Dar es Salaam, huo peke yake si ushahidi wa dhuluma. Dhuluma huanza pale umbali unapotumiwa kisingizio cha kuuza kibovu, kupunja kipimo, au kuficha mali ili bei ipande.

Mjeledi wa sukari

Mtakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2024. Mvua nyingi za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, viwanda vikashindwa kuzalisha kama kawaida, sukari ikaadimika nchini. Bei ilipanda, Serikali ikatangaza bei elekezi na kuruhusu sukari iagizwe kutoka nje. Upungufu ule ulikuwa wa kweli. Lakini tazameni jinsi sisi wenyewe tunavyoweza kuukuza upungufu wa namna ile.

Mtu mwenye desturi ya kununua kilo mbili husikia tetesi, akanunua kumi. Mwenye duka huona mauzo yamepanda, naye badala ya kuagiza mifuko miwili huagiza sita. Muuzaji wa jumla hupokea maagizo ya namna hiyo kutoka maduka arobaini, akadhani mji mzima umeongeza kunywa chai, akaagiza maradufu. Idadi ya vikombe vya chai haikubadilika hata kimoja. Ni kama mchunga ng'ombe na mjeledi wake: mkono husogea kidogo tu, lakini ncha hufagia uwanja mzima.

Hili halitokei kwetu peke yetu. Kampuni ya Procter & Gamble iliwahi kuligundua katika biashara yake ya nepi za watoto. Watoto walitumia nepi kwa kiasi kilekile wiki hata wiki, lakini maagizo yaliyofika kiwandani yalipanda na kushuka mno. Kila pingili ilikuwa ikikisia mahitaji badala ya kuyajua.

Dawa yake ina sehemu mbili. Mlaji anunue kwa kadiri ya matumizi yake. Mwenye duka aagize kwa kufuata daftari, asiagize kwa kufuata tetesi. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu mbili kwa mwenye duka

Ndugu zangu wenye maduka, nanyi ni walaji pia, kwa maana mnanunua kabla ya kuuza. Nawaomba mchukue kalamu.

Hesabu ya kwanza ni ya kujua lini uagize. Tuseme unauza kilo 10 za sukari kwa siku. Tangu uagize hadi mzigo ufike hupita siku 5. Weka akiba ya siku 3, kwa kuwa lori linaweza kuharibika njiani. Jumlisha siku 5 na siku 3, upate 8, kisha zidisha kwa kilo 10. Jibu ni kilo 80. Maana yake, sukari ikishuka kufikia mfuko mmoja wa kilo 50 na kilo 30 juu yake, siku hiyo ndiyo ya kuagiza. Wakati wa masika, njia zinapochelewesha, fanya akiba iwe ya siku 6. Jibu litakuwa kilo 110. Hesabu hii inakuepusha na mambo mawili: kuishiwa, ambako humpeleka mteja kwingine, na kurundika, ambako hufunga mtaji wako stoo. Kwa mkate na maziwa mabichi akiba ya namna hii haifai. Hivyo huagizwa kidogo kidogo, kila siku.

Hesabu ya pili ni ya bei ya kutupwa. Muuzaji anakujia na katoni za biskuti. Bei ya kawaida ni shilingi 40,000 kwa katoni. Yeye anakupa kwa 25,000, ila uchukue kumi. Unalipa 250,000 ukidhani umeokota. Kumbe zimebakiza wiki sita kufikia mwisho wa matumizi, na duka lako huuza katoni moja kila wiki mbili. Katika wiki sita utauza katoni tatu. Ukizitoa kwa shilingi 46,000 kila moja, utapata 138,000. Katoni saba zimeisha muda, nawe umepoteza 112,000. Kama ungenunua tatu tu kwa bei ya kawaida, ungelipa 120,000, ukauza kwa 138,000, na faida ya 18,000 ikabaki mfukoni.

Lakini hasara ya fedha si mwisho wa jambo. Zile katoni saba zitakuwa zinakutazama kila asubuhi. Hapo ndipo mtu mwema huanza kuwaza kwamba biskuti haziui, na kwamba tarehe ni maandishi tu. Wanaokwangua tarehe si wote walioanza biashara wakiwa wahalifu. Wapo walioanza kwa kununua vibaya. Uagizaji mzuri, kwa hiyo, humlinda mwenye duka na kishawishi hicho, humlinda na mlaji.

Zaidi ya hesabu hizo, kuna desturi nne za stoo na rafu:

Kwanza, kinachokaribia kuisha muda kiwekwe mbele, kipya kikae nyuma. Mzigo mpya ukifika, usiupange juu ya ule wa zamani.

Pili, mifuko na katoni zikae juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu yenye unyevu. Chakula kitengwe kabisa na sabuni, mafuta ya taa na viuatilifu.

Tatu, dai ankara au risiti kwa kila mzigo, uihifadhi pamoja na jina la aliyekuuzia na tarehe. Muuzaji asiyetaka kuandika jina lake kwenye karatasi amekwisha kukuambia jambo muhimu kuhusu mali yake.

Nne, unganeni. Maduka matano au sita ya mtaa mmoja, yawe Bombambili, Lizaboni au Mjimwema, yanaweza kuagiza pamoja, yakakodi Fuso moja na kugawana nauli. Kila mmoja atapata bidhaa mpya kwa kiasi anachoweza kuuza, bila kulazimishwa kununua katoni kumi. Andikeni makubaliano yenu ya fedha na ya mgao kabla lori halijaondoka.

Mambo matano kwa mlaji

Sasa nageukia ndugu zangu walaji. Ukisimama mbele ya rafu, fanya mambo matano.

La kwanza, soma tarehe. Tafuta tarehe ya kutengenezwa na mwisho wa matumizi. Kwenye vifungashio vingi mwisho wa matumizi hutanguliwa na herufi EXP. Herufi BB zina maana tofauti kidogo: kabla ya tarehe hiyo bidhaa inatarajiwa kuwa katika ubora wake wote. Tarehe iliyokwanguliwa, kufutwa au kubandikwa karatasi juu yake, usiijadili, rudisha bidhaa. Kuuza chakula kilichokwisha muda ni kosa kisheria, na kubadili tarehe ni kosa jingine juu ya hilo.

La pili, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na namba ya toleo. Tangu Julai 2019 TBS ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula na vipodozi, kazi iliyokuwa ya TFDA. Namba ya toleo hutambulisha kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Kasoro ikigundulika katika toleo moja, namba hiyo ndiyo huwezesha kuyaondoa sokoni makopo yote ya toleo hilo, bila kugusa mengine yaliyo salama. Kwa mbegu, tazama lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na ununue kwa muuzaji mwenye duka linalojulikana. Biskuti mbovu humpotezea mtu jioni moja, lakini mbegu bandia humpotezea msimu mzima, na pengine karo ya watoto.

La tatu, tazama kipimo. Dai mzani, nao ukae mahali unapouona, uanze kwenye sifuri. Sado na debe si mzani. Wakulima nao wakumbuke kwamba lumbesa imepigwa marufuku. Anayekulazimisha kushindilia gunia na kulishonea kilemba juu anakuibia mchana. Wakala wa Vipimo ana mamlaka ya kushughulikia malalamiko ya namna hiyo.

La nne, dai risiti. Sheria ya kodi inamtaka mnunuzi aidai na kuwa nayo. Lakini msidhani kwamba risiti ni ya Serikali tu. Risiti ni ushahidi wako wewe: inaonyesha ulinunua nini, wapi, lini na kwa bei gani. Wapo wenye maduka madogo wasiolazimika kuwa na mashine ya EFD. Hao waombe wakuandikie kwa mkono jina la duka, tarehe na bidhaa. Ihifadhi walau mpaka bidhaa iishe kutumika. Kwa kifaa chenye dhamana, ihifadhi mpaka dhamana iishe.

La tano, ukipata bidhaa mbovu, usinyamaze. Usiitupe, itunze pamoja na kifungashio chake. Rudi kwanza kwa aliyekuuzia, kwa utulivu, ukiwa na risiti. Wengi mmeona maduka yaliyobandika maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo hayaondoi haki yako pale bidhaa inapokuwa mbovu au tofauti na ulivyoelezwa. Ukibadili mawazo tu, kwa mfano rangi haikupendezi, hilo ni la mapatano kati yenu. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwa afisa biashara au afisa afya wa halmashauri, kwa TBS ikiwa ni ubora na usalama, kwa Wakala wa Vipimo ikiwa ni uzito, au kwa Tume ya Ushindani, FCC, ikiwa ni bidhaa bandia au udanganyifu wa kibiashara. Tume hiyo inasimamia Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, ambayo ndani yake mna sehemu za kumlinda mlaji.

Kwa nini sauti moja ina uzito

Huenda mtu akauliza: mimi mnunuzi wa robo kilo, nitabadili nini katika mnyororo unaoanzia ng'ambo ya bahari? Mwezi Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, na biashara ya dunia ikatikisika. Mambo makubwa kama hayo hayako mikononi mwetu. Lakini mjeledi tuliousema unakwenda pande zote mbili. Kama mkono mdogo wa mlaji unaweza kukuza uhaba, mkono huohuo unaweza kusafisha rafu. Wateja ishirini wa mtaa mmoja wakisoma tarehe kila siku, mwenye duka ataanza kuzisoma kabla yao. Mwenye duka akidai ankara, muuzaji wa jumla atalazimika kujua mali yake imetoka wapi. Na yule mwenye gari lisilo na jina atakosa pa kusimama.

Mnamo Machi 15, 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilieleza bunge la nchi yake kwamba mlaji ana haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Haki hizo nne ni nzuri zikisomwa jukwaani, lakini hazitembei zenyewe mpaka dukani. Zinabebwa na mtu anayegeuza kopo kabla ya kulipa na kusubiri karatasi yake.

Siku ile mimi sikusubiri. Nilikuwa na haraka, na mtoto alikuwa analia. Mama mwenye duka naye alikuwa na haraka, na bei ilikuwa nafuu. Kwa sababu ya haraka zetu mbili, kopo la tatu liliingia katika nyumba tusiyoijua, na hatukuwa na namna ya kubisha hodi na kumwambia mwenye nyumba asimnyweshe mtoto.

Ndugu zangu, risiti ndiyo hodi hiyo. Naomba kila mmoja wetu leo jioni, akipita dukani, aidai.